James Mackenzie: Daktari wa mtaa aliyesoma moyo kupitia shingo

Jina James Mackenzie halitrendi popote siku hizi. Ukiuliza wasee kumi mtaani, labda wote watadhani ni mchezaji wa zamani wa Uskoti. Lakini kila daktari anayekushika mkono, akanyamaza kidogo, kisha akajua kama mapigo yako yasiyo sawa ni ya kukutia hofu au ni ya kupuuza, anapita kwenye njia aliyoichonga huyu mzee. Na hakuichonga katika hospitali kubwa ya London. Aliichonga akiwa daktari wa kawaida kwenye mji wa viwanda, kati ya mgonjwa wa kikohozi na mama wa kuzalishwa.

Swali lake kubwa bado linaulizwa leo kwenye vyumba vya MRI: chumba cha juu cha moyo kikianza kutetemeka badala ya kupiga, nyama yake imefanywa nini?

Kijana wa kemisti

Mackenzie alizaliwa tarehe 12 Aprili 1853 katika shamba la Pictonhill, karibu na Scone, Uskoti. Wazazi wake walikuwa wakulima. Shule alisomea mji wa Perth, na hakuwa yule wa kubeba zawadi kila muhula. Mambo ya kukariri yalimshinda. Akiwa na miaka 15 akaacha shule, akaenda kujifunza kazi katika duka la dawa.

Kwa sisi tuliotoka chuo kabla ya kuvaa joho, hapo kuna utamu kidogo. Lakini tusidanganyane, jamaa alirudi darasani. Mwaka wa 1874 aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea udaktari, na 1878 akamaliza. Mwaka uliofuata akapata kazi Burnley, mji wa Lancashire, kaskazini mwa Uingereza.

Burnley ya wakati huo ilikuwa viwanda vya pamba, migodi ya makaa, moshi na nyumba zilizobanana. Wanawake wengi walifanya kazi kwenye mashine za kufuma. Daktari wa mji kama huo alikuwa kila kitu: anazalisha, anafunga majeraha, anatibu mtoto mwenye homa, anakaa na mzee anayekata roho. Mackenzie alikaa huko kwa karibu miaka 28. Kumbuka hiyo namba, kwa sababu ndiyo siri yenyewe.

Mama aliyemfia

Katika miaka yake ya mwanzo Burnley, alikuwa akimhudumia mwanamke kijana mjamzito ambaye alikuwa na ugonjwa wa moyo. Uchungu ulipoanza, moyo wa yule mama ukashindwa na kazi. Akafariki mbele yake.

Mackenzie hakulala na hilo jambo. Angejuaje mapema? Je, kulikuwa na dalili ambayo daktari mwenye macho angeiona miezi mitatu kabla? Akaenda kwa vitabu. Vitabu vilikuwa na majina marefu ya magonjwa na michoro ya vali, lakini hakuna kilichomwambia daktari ni mgonjwa yupi atavuka na yupi hatavuka. Waliosikia sauti isiyo ya kawaida kifuani walimwambia mgonjwa akae kitandani. Waliosikia mapigo yanaruka walifanya hivyo hivyo. Watu wazima, wenye nguvu, wenye watoto wa kulisha, waliambiwa wasifanye kazi tena kwa sababu moyo ulikosa pigo moja hapa na pale.

Hakuna aliyekuwa amefuatilia hao watu kwa miaka 10 kuona kama walikufa kweli. Daktari wa hospitali kubwa hangeweza, kwa sababu mgonjwa wake alilazwa, akatoka, akapotea. Daktari wa mtaa ndiye aliyebaki na yule yule mtu, akimwona sokoni, kiwandani na kwenye msiba wa jirani. Mackenzie akaamua kuwa yeye ndiye atakayefuatilia.

Shingo inaongea

Wakati huo kulikuwa na vifaa vya kuchora mapigo ya mkono kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Mackenzie alivitumia, lakini akaona havitoshi. Pigo la mkono linakuambia tu kile ambacho chumba cha chini cha kushoto kimefanya. Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu vinapokea damu, viwili vya chini vinaisukuma itoke. Vya juu vinafanya nini? Mkono haukuambii.

Lakini shingo inakuambia. Mshipa mkubwa wa shingoni unashuka hadi chumba cha juu cha kulia bila kizuizi cha maana. Chumba hicho kikibana, wimbi dogo la damu linarudi juu, na ukitazama vizuri unaona ngozi ya shingo ikicheza. Mackenzie alichukua kikombe kidogo, akakiunganisha na mpira, akakiweka juu ya mshipa huo, na mawimbi ya shingo yakachorwa sambamba na pigo la mkono. Baadaye, akisaidiwa na fundi wa saa wa huko Lancashire, alitengeneza mashine iliyochora kwa wino kwenye karatasi ndefu. Ilibebeka. Ungeweza kwenda nayo nyumbani kwa mgonjwa.

Hebu fikiria hiyo kazi. Hakuna umeme, hakuna skrini. Ni mtu mmoja usiku, baada ya kuwaona wagonjwa wa siku nzima, ameinama juu ya karatasi akipima umbali kati ya wimbi moja na lingine.

Aina tatu za fujo

Baada ya miaka ya kuchora na kusubiri, mambo yakaanza kujipanga. Mackenzie aliona kwamba mapigo yasiyo sawa hayafanani.

Aina ya kwanza ni ya vijana. Mapigo yanaharakisha ukivuta pumzi, yanapunguza mwendo ukiitoa. Huo si ugonjwa. Ni moyo wenye afya. Ukijipima sasa hivi huenda ukaiona kwako.

Aina ya pili ni pigo la ziada linaloingia kabla ya wakati, kisha moyo unatulia kidogo, ndiyo unahisi kama umeruka. Aliowafuatilia wakiwa na haya waliendelea na maisha yao, wengi kwa miaka na miaka. Hapo akawa na ushahidi: watu wengi waliofungiwa kitandani hawakuhitaji kufungiwa.

Aina ya tatu ndiyo iliyomtia wasiwasi. Hiyo haina mpangilio kabisa. Pigo kubwa, dogo, dogo, pengo, kubwa, mawili ya haraka. Huwezi kubashiri linalofuata. Hawa ndio waliovimba miguu, waliokosa pumzi, na ambao aliwazika.

Mambo haya aliyaweka kwenye kitabu kilichotoka 1902 kuhusu pigo la moyo. Daktari wa mji wa viwanda, asiye na cheo chochote chuoni, akawa anasomwa na wataalamu wa nchi za mbali.

Wimbi lililopotea

Kati ya wagonjwa wake kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye vali iliyokaza, ile inayotenganisha chumba cha juu cha kushoto na cha chini cha kushoto. Kisa cha kawaida cha vali kukaza ni homa ya baridi yabisi ya utotoni, inayoanza na maambukizi ya koo ambayo hayakutibiwa. Mlango ukiwa mwembamba, chumba cha juu kinalazimika kusukuma kwa nguvu. Kinapanuka. Ukuta wake unabadilika.

Mackenzie alimfuatilia mama huyo kwa miaka mingi na michoro yake ya shingo ilikuwa na wimbi la chumba cha juu, safi kabisa. Kisha, kuelekea mwisho wa miaka ya 1890, siku moja mapigo yake yakawa ya aina ya tatu. Na kwenye mchoro, lile wimbi la chumba cha juu halikuwepo. Sauti ambayo stethoskopu ilikuwa ikiisikia kabla ya pigo ikatoweka pia.

Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameshika kwenye karatasi wakati ambapo chumba cha juu cha moyo kinaacha kazi ndani ya mtu aliye hai. Lakini kimeacha vipi?

Jibu alilitafuta mahali pekee ambapo lingepatikana enzi hizo, yaani baada ya kifo. Alifungua mioyo ya wagonjwa aliowajua kwa majina. Mwanzoni alikuta vyumba vya juu vilivyotanuka, kuta nyembamba, akaamua kwamba nyama ilikuwa imechoka na kupooza. Ikaeleweka. Lakini akaendelea kufungua, na kwa wengine wenye michoro ile ile akakuta kuta nene, zilizojaa misuli. Nyama iliyopooza kwa miaka hainenepi. Basi akalitupa wazo lake la kwanza, akaja na lingine: kwamba vyumba vya juu na vya chini vilikuwa vikipiga kwa wakati mmoja, ndiyo maana wimbi halionekani.

Mioyo mingine aliituma London kwa Arthur Keith, mtaalamu wa maumbile ya mwili, pamoja na michoro ya mapigo iliyochukuliwa wakati mwenyewe akiwa hai. Keith alianza kuichunguza mioyo kwa jicho jipya, na 1907 yeye na mwanafunzi wake Martin Flack walitangaza kwamba wameona kijisehemu kidogo cha nyama kwenye chumba cha juu cha kulia ambacho ndicho kinachoanzisha kila pigo. Mioyo ya watu wa Burnley ilikuwa sehemu ya safari hiyo.

Kijana mwenye mashine mpya

Mwaka huo huo wa 1907, Mackenzie akiwa na zaidi ya miaka 50, alifunga kazi Burnley akahamia London. Mwanzoni wagonjwa walikuwa wachache. Kwa wakubwa wa London alikuwa daktari wa shamba tu. Lakini 1908 akatoa kitabu kikubwa kuhusu magonjwa ya moyo, na milango ikaanza kufunguka.

Hapo akakutana na Thomas Lewis, kijana kutoka Wales aliyezaliwa 1881. Mackenzie alimwelekeza kwenye swali la mapigo yasiyo na mpangilio. Lewis alikuwa na kitu ambacho mzee hakuwa nacho: mashine ya Mholanzi Willem Einthoven, inayochora umeme wa moyo.

Mwaka 1909 Lewis akapata jibu, na huko Vienna Rothberger na Winterberg wakalipata mwaka huo huo. Vyumba vya juu havikuwa vimepooza. Wala havikuwa vikipiga pamoja na vya chini. Vilikuwa vikitetemeka, kila kipande cha nyama kwa wakati wake, mara mia kadhaa kwa dakika, bila kusukuma chochote. Kitaalamu huitwa fibrilesheni ya atria. Lewis alienda mbali zaidi: farasi nao hupata mapigo ya aina hii, akamchunguza mmoja aliyekuwa nayo, na kifua kilipofunguliwa, vyumba vya juu vilionekana kwa macho vikitetemeka.

Kwa hiyo wazo la pili la Mackenzie nalo likaanguka, tena mikononi mwa kijana aliyemfundisha. Mzee alilipokea jibu. Alichokiona Burnley kilibaki kweli: wimbi linapotea, na mtu anabadilika. Sababu tu ndiyo iliyopata jina jipya. Na alishaona jambo lingine la maana kwa wagonjwa: dawa ya dijitalisi, inayotokana na mmea na iliyotumika tangu zamani, ilifanya kazi vizuri hasa kwa hawa wa aina ya tatu, kwa kupunguza kasi ya vyumba vya chini. Kabla ya hapo ilikuwa ikitolewa kwa kubahatisha.

Askari na mioyo yao

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, maelfu ya askari wa Uingereza walirudishwa nyumbani kwa madai ya moyo mbovu. Mackenzie, ambaye 1915 alipewa heshima ya kuitwa Sir, alikuwa mmoja wa washauri wa hospitali ya Mount Vernon, Hampstead, iliyotengwa kuwachunguza, na Lewis akawa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Msimamo wake ulikuwa ule ule wa Burnley: sauti kifuani peke yake si ugonjwa, pigo lililoruka peke yake si ugonjwa. Uliza mtu huyu anaweza kufanya nini bila kukosa pumzi. Wengi walionekana hawakuwa na kasoro ya moyo kabisa.

Mwaka 1918 aliiacha London na pesa zake, akaenda mji mdogo wa St Andrews, Uskoti, kuanzisha taasisi ambapo madaktari wa mtaa wangefuatilia wagonjwa wao kwa miaka. Watu walishangaa. Nani anaacha kliniki ya matajiri? Na mwaka 1921, karibu miaka 40 baada ya yule mama kufariki, akatoa kitabu kuhusu ugonjwa wa moyo na ujauzito. Alikuwa hajamsahau.

Moyo wake mwenyewe

Wakati huu wote alikuwa mgonjwa. Maumivu ya kifua, yale yanayobana ukipanda ngazi, yalimfuata kwa miaka. Alijua maana yake. Akajifuatilia kama alivyofuatilia wengine, akaandika lini yanakuja na lini yanaondoka. Katika kitabu chake cha 1923 kuhusu maumivu hayo, kuna mgonjwa mmoja asiye na jina ambaye ni yeye mwenyewe.

Alifariki London tarehe 26 Januari 1925. Alikuwa ametaka moyo wake uchunguzwe. Ukafunguliwa, ukaonekana na mishipa iliyoziba na makovu ya zamani kwenye nyama. Ukapelekwa St Andrews, na ripoti kamili ya David Waterston ikachapishwa 1939. Mtu aliyefungua mioyo ya majirani zake kutafuta jibu aliutoa na wake pia.

Sasa tunaona nini?

Leo hatusubiri mtu afe. Ultrasaundi inapima ukubwa wa chumba cha juu cha kushoto mtu akiwa amelala akipiga stori. Madaktari wanaweza kuingiza waya mwembamba kupitia mshipa wa pajani hadi ndani ya moyo na kupima umeme wa ukuta, nukta kwa nukta. Mahali umeme ni dhaifu, mara nyingi kuna kovu. Na MRI yenye dawa ya gadolinium inaweza kuonyesha kovu lenyewe, kwa sababu dawa hukawia kutoka mahali ambapo nyama imegeuka kovu.

Si kazi rahisi. Ukuta wa chumba hicho ni milimita chache tu na hautulii. Lakini watafiti wameweza kupanga wagonjwa katika ngazi nne: kovu chini ya asilimia 10 ya ukuta, 10 hadi 20, 20 hadi 30, na zaidi ya hapo. Utafiti uliotolewa 2014 ulionyesha kwamba kadiri kovu linavyozidi, ndivyo mtetemo unavyoelekea kurudi hata baada ya matibabu ya kuchoma sehemu zinazouchochea.

Basi ukadhani kazi imeisha: choma kovu lenyewe. Wakajaribu. Matokeo ya 2022 yakaonyesha kwamba kuchoma kovu lililoonekana kwenye MRI, juu ya matibabu ya kawaida, hakukuleta nafuu zaidi. Kuona nyama iliyobadilika ni jambo moja, kujua uifanye nini ni jambo lingine. Mackenzie angeelewa vizuri sana.

Kwa nini ujali ukiwa na miaka 22? Kwanza, chumba kinachotetemeka hakisukumi damu, damu inalala kwenye kijifuko cha chumba cha kushoto, inaganda, na bonge likienda kwenye ubongo ni kiharusi. Ndiyo maana wengi wenye tatizo hili hupewa dawa za kuzuia damu kuganda, na hazifai kuachwa kiholela. Pili, ule ugonjwa wa vali uliowamaliza wanawake wa Burnley haujaisha duniani. Nchi tajiri ziliuacha nyuma. Kwetu Afrika Mashariki bado unawapata watoto na vijana, wakiwemo akina mama wajawazito ambao hawajui wanao. Unaanza na koo la mtoto, na koo hilo likiwa la bakteria linatibika kwa penisilini.

Kwa hiyo ukihisi moyo umeruka pigo moja baada ya kahawa tatu, usikimbie kuandika wosia. Lakini mapigo yakiwa shaghalabaghala, bila mpangilio wowote, na pumzi inakukwepa, nenda upimwe umeme wa moyo siku hiyo hiyo. Ni kipimo cha dakika chache, na hakuna haja ya mtu kusubiri hadi chumba cha kujifungulia ndiyo ajue.